Maji ya Asho

Mume wangu Warsame alipoanza kuchimba bwawa la kuogelea nyuma ya nyumba yetu hapa Wabera, watu wa Isiolo walicheka mpaka wakashika mbavu. Walisema lile lori lake la kubeba mizigo limempanda kichwani. Jirani mmoja alichungulia juu ya ua akauliza kama tutaleta na samaki. Niliwaacha wacheke. Angekuwa mtu mwingine anachimba, hata mimi ningecheka, tena kwa sauti kuliko wao, maana mdomo wangu unajulikana. Lakini nilijua bwawa lile ni la nini.

Lilikuwa la binti yetu Asho. Asho alipatwa na polio akiwa na miaka mitatu. Homa ya siku nne tu: Jumatatu anakimbiza kuku, Ijumaa hawezi kukaa bila mto mgongoni. Tulizunguka naye kwa masheikh na kwa akina mama wa mitishamba, na mwisho tukafika hospitali kubwa ya Nairobi. Huko, mwaka wa themanini na tatu, Asho akiwa na miaka minane, daktari mmoja wa mazoezi, mwanamke mwembamba asiyependa maneno mengi, alimtia ndani ya bwawa la maji ya vuguvugu. Halafu akamwachilia. Maji yalimfika Asho kifuani, hakuna mkono uliomshika, na mwanangu alikuwa amesimama. Nililia mbele za watu na sikuona haya.

"Miguu hii ina uhai bado," daktari alituambia. "Atembee ndani ya maji ya vuguvugu kila siku. Si mara moja kwa mwezi, kila siku. Mkimwacha, magoti yatajikunja, na akifika miaka kumi hakuna atakayeyanyoosha."

Isiolo kulikuwa na daktari wa sindano na wa malaria, wa mazoezi hakuna. Kukaa Nairobi hatukuweza. Tulirudi na lori, Asho amelala mapajani mwangu, na Warsame akaendesha mpaka tulipopita Nanyuki. Hapo akasema, "Tutachimba letu."

Alikuwa amewahi kupeleka saruji kwenye hoteli ya watalii kule mbugani, akaona wanavyojenga. Kilichokosekana ni fundi. Isiolo ya siku zile haikuwa na fundi wa mabwawa, ilikuwa na Abduba. Abduba alikuwa Mborana, mchimbaji wa visima, mwana wa mchimbaji wa visima, na mikono yake ilikuwa migumu kuliko sururu yake. Warsame alimwelezea: upande huu maji yawe na kina, upande ule sakafu iteremke polepole, ili mtu asiyeweza kupanda ngazi aingie mwenyewe.

"Hiyo najua," Abduba alisema. "Mtu anaingia pole pole, anafika kwa maji. Hiyo ndiyo kazi yangu."

Na alijua kweli. Mteremko ule aliujenga kwa upana wa mlango wa lori, akabana vijiwe ndani ya saruji ili mguu usiteleze. Nilimsifu mpaka akainamisha kichwa. Hakuna aliyenikumbusha kwamba Abduba hajawahi kumjengea binadamu mteremko maishani mwake. Mteremko wa kisima ni njia ya ng'ombe.

Pembeni alijenga beseni la duara, la kutosha watu wanne wakikaa. Juu yake tuliweka mapipa mawili meusi kwenye mawe, tunawasha kuni chini, maji ya moto yanashuka kwa bomba. Warsame alikuwa ameona kitu kama hicho hotelini, Wazungu wamekaa humo kama viazi kwenye sufuria. Kwetu lilikuwa la kulainisha magoti ya Asho kabla hajaingia bwawani. Kulijaza bwawa lenyewe, lori lilikwenda mtoni Burat mara nne, kila safari mapipa thelathini na moja.

Kabla ya lori kuleta maji, Abduba aliomba kitu kimoja. Alitaka wazee waje wabariki, kwa kahawa. Wenyewe hawasagi ile kahawa. Buni nzima hukaangwa kwa samli pamoja na maganda yake, mkatafuna, mkanywa maziwa, wazee wakaomba dua. Warsame alifurahi. Sisi ni Wasomali, babu zetu waliletwa hapa na jeshi la Waingereza, lakini tumekaa na Waborana mpaka tumezikana. Nani angekataa dua? Nilikaanga ile kahawa kwa mikono yangu, samli nzuri, na nikasimama mlangoni kuwatazama wazee kumi na wanane wakitafuna kando ya shimo langu jipya.

Mzee mmoja akauliza, "Kisima hiki baba yake ni nani?" yaani mwenyewe ni nani.

Warsame alisimama. Mume wangu si msemaji, lakini siku hiyo alikuwa amelewa furaha. Alimnyanyua Asho akamweka begani. "Ni cha huyu," alisema. "Haya ni maji ya Asho. Na Asho hatamnyima mtu."

Wazee waliitikia wote kwa pamoja, wakapakaza samli kidogo kwenye paji la uso wa mtoto. Asho alicheka kwa sababu ilimtekenya. Ulimi hauna mfupa. Mimi nilidhani ni maneno ya karamu, kama mtu anavyomwambia mgeni nyumba hii ni yako. Nikaenda kuosha vikombe.

Miezi iliyofuata ilikuwa miezi mizuri kuliko yote ya maisha yangu. Kila alasiri, maji yakiwa yamepata jua, Asho alikaa kwenye beseni la moto, kisha akashuka mteremko kwa makalio mpaka maji yakamnyanyua. Warsame, kama hayuko safarini, alitembea kinyumenyume mbele yake akihesabu kwa sauti. Kwa kila hatua mpya alichora mstari wa rangi nyekundu ukutani mwa bwawa. Mwezi wa Disemba mistari miwili. Februari minne. Mwezi wa Mei mwaka wa themanini na nne, Asho alitembea hatua tisa bila kushika kitu. Usiku mimi nilipapasa mashavu ya miguu yake alipolala, na palikuwa na nyama pale ambapo palikuwa na mfupa. Nilianza kuwaza mambo ya kijinga, kama viatu.

Lakini mvua ya masika haikuja mwaka huo. Ya mwaka uliotangulia ilikuwa imekuja nusu. Kufika Juni mto wa Burat ulikuwa mchanga wenye unyevu, askari wakayazuia malori kuchota, na bomba la mjini likawa linatoa maji siku mbili kwa juma. Mifugo ilikuwa inakufa mpaka Garbatulla na zaidi. Ukitoka nje ya mji ulisikia harufu kabla ya kuona mzoga. Watu walihamia pembezoni mwa Isiolo na wanyama wachache waliobaki. Nyuma ya nyumba yetu palikuwa na maji ya mapipa mia moja na ushee, yamefunikwa maturubai ya lori yasinyonywe na jua. Nilikuwa nayalinda kama yai.

Walikuja asubuhi moja ya Julai. Mbele alikuwa bibi kizee aitwaye Kabale, na nyuma yake wazee, baadhi yao niliowakaangia kahawa, na ng'ombe ambao ungeweza kuwahesabu mbavu ukiwa barabarani.

"Salaam aleikum, mama Asho."

"Aleikum salaam, akko." Hivyo ndivyo tunavyomwita bibi kwa Kiborana, na nilimwita hivyo kwa heshima zote, huku nimesimama katikati ya lango. "Kama mnataka maji ya kunywa watu, nitawapa mtungi."

"Sisi hatukuja kwako," Kabale alisema kwa upole. "Tumekuja kwa mwenye kisima. Iko?"

Nilijua ni Asho anayemtaka. Niliwaambia yale maji yana dawa, Warsame ameweka dawa ya kuua wadudu, ng'ombe akinywa atakufa. Kabale alinipita pembeni kama mtu anavyompita mbuzi mlangoni, akafunua pembe ya turubai, akachota kwa viganja viwili, akanywa, akajifuta mdomo.

"Basi tungoje," alisema. "Kama mimi nitakufa, ng'ombe isikunywe."

Wakakaa chini. Hawakugomba, hawakusukuma, hawakuinua fimbo. Laiti wangeinua. Mtu akikuinulia fimbo unajua la kumfanya.

Nilimkimbilia Warsame. Alikuwa chumbani, amekaa ukingoni mwa kitanda na viatu vyake mkononi.

"Toka uwaambie," nilisema. "Wewe ndiye mwanaume."

"Niliwaambia mwaka jana, Ebla. Mbele ya wazee kumi na wanane, na mtoto begani."

"Sema ulikosea!"

"Nilikula nao kahawa ya kisima. Abduba alinieleza baadaye. Kwao mwenye kisima ananywesha wa kwanza, lakini hana neno la kukataa. Na hata kwetu, Ebla, ukimnyima mwenye kiu maji yaliyobaki, utamjibu nini Mungu?"

"Hayajabaki!" Nilipiga kelele mpaka nikajua wanasikia nje. "Maji hayo yanatumika! Kila siku yanatumika!"

Aliinama akaanza kufunga kamba za kiatu, akafunga, akafungua, akafunga tena. Nilimchukia, na nilimhurumia, na vyote viwili havikuniongezea pipa hata moja.

Basi nilimfuata Asho jikoni. Nilimshika uso. "Watakuuliza kama ng'ombe wao wanywe. Wewe sema hapana. Umesikia? Sema hapana, na useme kwa sauti."

"Ndiyo, hooyo."

Nilimbeba mgongoni, nikamkalisha kwenye kigoda mbele ya wale wazee wenye mvi. Mtoto wa miaka tisa, gauni la maua, miguu imening'inia. Wakamwamkia kama mtu mzima. Kabale akasema, "Mwenye kisima, tumekuja na kiu. Ng'ombe yangu ilikuwa sitini, sasa iko nne. Wanywe?"

"Hapana," Asho alisema, kwa sauti, kama nilivyomfunza.

Hakuna aliyekasirika. Wazee walitazamana, mmoja akatabasamu kidogo, kama mtoto amekosea kusoma.

"Mwenye kisima hasemi hapana," Kabale alimfunza. "Hiyo neno hana. Mwenye kisima anasema nani aanze. Sisi tunangoja aseme."

Nao wakangoja. Jua likapanda. Asho alinitazama mimi, akawatazama wao, akatazama mikono yake. Niliketi karibu naye nikamnong'oneza, "Kaa kimya tu, watachoka." Ikafika saa tano na hawakuchoka. Watu waliongoja mvua miaka miwili, nilidhani nitawachosha kwa asubuhi moja.

Karibu na adhuhuri ng'ombe mmoja wa Kabale, mwenye baka jeupe begani, aliyumba akaanguka langoni. Hakuanguka kwa kishindo, alijikunja tu, mguu huu kisha ule. Wanaume wanne waliondoka wakaenda kumwinua. Wawili walimshika mkia na nyonga, wawili wakapitisha mikono chini ya kifua. Wakamsimamisha, wakamwachilia taratibu, akaanguka tena. Wakamsimamisha tena. Nilijua pale wanapoweka mikono yao. Mimi na Warsame tulimshika Asho pale pale kila asubuhi, tukimtoa kitandani.

Asho naye alikuwa anatazama.

"Huyo aliyeanguka," alisema. "Huyo aanze."

Nilitaka kumzaba kofi. Mungu anisamehe, mkono ulishapanda. Kabale aliinuka, akaweka kiganja kwenye kichwa cha mwanangu, akaomba dua ndefu, na maturubai yakavutwa kando. Ng'ombe mwenye baka alibebwa na watu mpaka kwenye mteremko wa Abduba, na hapo miguu ikajishika kwenye vile vijiwe, akateremka mwenyewe. Mteremko ulimfaa. Ulimfaa kuliko ulivyowahi kumfaa Asho.

Maji yalikaa siku tisa. Walikuja kwa zamu, kwa utaratibu ambao sijaona hata msikitini, na kila asubuhi walipitia kwenye kigoda cha Asho kuuliza nani aanze. Waliokuja na watoto waliwanywesha kwanza kwenye beseni la duara. Nilisimama ukutani nikitazama mistari nyekundu ikitoka majini mmoja baada ya mwingine. Abduba alikuja siku ya tatu, akaniona nilivyokuwa, akaondoka bila kuniamkia, na baadaye nilisikia amekwenda Garbatulla kumtafuta mama yake. Siku ya tisa kulibaki tope na kinyesi, na ng'ombe mmoja alilamba saruji.

Watu walinifariji. Walisema maji yakimwagika hayazoleki, walisema subira huvuta heri, na mmoja aliniambia thawabu yake iko akhera. Nikamwuliza kama akhera kuna watu wanaojifunza kutembea. Hakuja tena kwangu, na sikumtafuta.

Nitasema nini? Tulimnyoosha miguu kitandani kwa mafuta ya moto, asubuhi na jioni, naye akilia. Tulimkalisha kwenye pipa lililokatwa nusu, maji ya mtungi mmoja. Mnamo Septemba goti la kulia lilianza kukataa kunyooka. Mvua ilikuja Novemba, kwa fujo, ikajaza bwawa kwa siku mbili, na siku ya tano bwawa likawa tupu. Kwato zilikuwa zimevunja sakafu na jua limeipasua. Abduba hakuwepo. Fundi wa nyumba aliyekuja kuziba alizipaka nyufa kama anavyopaka ukuta, zikafunguka tena, na tulipofaulu kulijaza tena kutoka mtoni ilikuwa imeshafika mwaka mpya. Tulimtia Asho majini, Warsame mbele yake, mikono wazi, tayari kuhesabu. Maji yalimnyanyua vizuri kama zamani. Lakini miguu ilibaki imekunjwa chini yake, na nyayo hazikugusa sakafu.

Tulimpeleka Nairobi. Yule daktari mwembamba alimlaza, akajaribu kulinyoosha goti, akaacha. Akatutazama.

"Alikuwa anaendelea vizuri," alisema. "Mlikuwa wapi?"

Mimi, mwenye mdomo unaojulikana Isiolo nzima, nilianza kumvalisha Asho gauni lake. Ningemwambia tulikuwa wapi? Tulikuwa nyumbani. Tulikuwa tumesimama pale pale, tukitazama.

Mwezi wa Machi Kabale alikuja tena. Alikuwa amemleta ng'ombe mwenye baka jeupe, polepole, kwa kamba. Ng'ombe alikuwa na mwili sasa, na tumbo. "Ile siku ilianguka, ilikuwa na kitu ndani," Kabale alituambia. "Hata mimi sikujua. Hii ndama ni ya Asho. Lazima izaliwe kwa mwenye kisima." Alikaa kwetu siku mbili, akila chakula changu na kukisifu, na sikuweza kumchukia, ingawa nilijaribu.

Ndama alizaliwa alasiri, mbele ya bwawa. Jike, ameloa, na baka la mama yake. Asho alitaka kuona, kwa hiyo nilimbeba nikamkalisha kwenye kigoda kile kile. Mama ng'ombe alimlamba ndama. Haikupita hata nusu saa, ndama akaanza kuhangaika. Alinyanyua nyuma, akaanguka na pua. Akanyanyua tena, akaanguka ubavu. Mara ya tatu miguu yote minne ilimkubali, ikitetemeka, na akasimama. Hakuna aliyemshika. Nilimtazama yule mnyama asiye na kosa, na nikamchukia kwa moyo wangu wote.

Asho alipiga makofi. Ndama alisogea, na Asho akaanza kuhesabu, kwa sauti ya baba yake, vile vile alivyokuwa akihesabiwa majini. "Moja! Mbili!" Warsame, aliyekuwa amesimama mlangoni, aligeuka akaingia ndani. "Tano! Sita!" Ndama aliyumba, akajishika, akaendelea kuelekea kwenye chuchu. "Saba. Nane. Tisa."

Hapo Asho akanyamaza.

Ndama hakukoma kutembea. Alikwenda hatua nyingine, na nyingine. Kabale aligeuka kutazama kwa nini hesabu imekatika, kisha akainamisha macho. Nilingoja mwanangu aseme. Alikuwa amefunika magoti yake kwa gauni, na kidole chake kikipapasa pindo.

"Kumi," nikasema mimi.